Sakafu Niliyoimwagilia

Kabla ya ukumbi wa shule ya misheni kule Ruangwa, hakuna sakafu ya saruji niliyoimwaga mimi ikapasuka. Nachingwea nzima walijua. Kwa hiyo, mwaka elfu mbili na kitu, fundi wa sakafu za michezo alipokuja kutoka Dar es Salaam akanitaka niwe msaidizi wake, nilimeza kiburi nikakubali kwa sababu moja tu: sakafu ikitoka safi, angenichukua kazi inayofuata, Dodoma, kama fundi kamili. Nilikuwa na miaka arobaini na mitano na sijawahi kuvuka Rufiji. Niliitaka Dodoma kama mtoto anavyotaka nguo ya sikukuu.

Kazi yenyewe ilikuwa kichekesho. Tulitandaza mpira mweusi, tukaugandisha kwa gundi, kisha yeye akachanganya dawa za madumu mawili na kumwaga juu yake uji wa kijani, nami nikausambaza kwa mwiko wenye meno. Hakuna mchanga, hakuna saruji hata kijiko. Nikajisemea, haya, Dar nako kuna mambo.

Mchana huohuo akapanda gari kwenda Nachingwea kutafuta rangi ya mistari. "Mzee, pasikanyagwe mpaka nirudi," akasema, akanipa ufunguo. Kuhusu kumwagilia hakusema neno, wala sikumshangaa. Nani anamkumbusha fundi kwamba sakafu mpya hunyweshwa maji asubuhi na jioni, siku saba?

Kilikuwa kiangazi, na kisima kilikuwa mbali. Nikamweleza sista mkuu wa shule, naye akatoa pipa la maji la jikoni. Wanafunzi siku hiyo hawakuoga. Nikasimama mlangoni na keni ya bustani, nikainyunyizia sakafu yangu kwa upendo. Mapovu yakapanda. Sakafu ikaumuka kama maandazi.

"Unaona, Sista, ilivyokuwa na kiu?" nikasema, nikaongeza maji.

Fundi aliporudi kesho yake alipiga magoti, akabonyeza vinundu, kisha akatazama juu. "Dawa hii ikiguswa na maji kabla haijakauka huumuka. Paa linavuja," akasema.

Mvua ilikuwa haijanyesha tangu mwezi wa tano, lakini nilinyamaza, mwoga mkubwa mimi. Aliyeezeka paa lile, mzee mmoja wa Chinongwe, akaitwa. Akaja na baiskeli yake, akapanda juu ya mabati, na fundi akaamuru maji yamwagwe huko juu ili tundu lionekane. Wa kupandisha ndoo nikawa mimi. Nilipandisha ndoo baada ya ndoo, sista akinitazama, pipa lake likiisha. Ndani halikudondoka hata tone.

Yule mzee alikuwa akipapasa msumari mmoja mmoja. "Mdogo wangu, labda kuna mmoja nilisahau," akaniambia, machozi yakimlengalenga.

Hapo nikashindwa. Nilishuka nikasema yote. Fundi alinitazama, akacheka mpaka akakaa chini, nami nikadhani Dodoma bado ipo.

Nilikwangua vinundu wiki nzima. Tukamwaga upya, ikatoka safi. Siku ya kuondoka nilikuwa nimeshafunga begi. Fundi alinipa mkono, akanishukuru, kisha akamfungulia mzee wa Chinongwe mlango wa gari. Ukumbi wa Dodoma bado haujaezekwa, alisema, na hajawahi kuona paa likimwagiwa maji kiasi kile lisivuje.

Maji yale niliyapandisha mimi.