Jezi Namba Sita kwenye Kamba ya Attracta

Katika kaunti yetu hakuna aliyengoja gazeti la Jumatatu ili ajue hali ya timu. Ulipita kwa Attracta Keaveney, pale kwenye kona kabla ya daraja, ukapunguza mwendo, ukaisoma kamba yake ya nguo. Kwa miaka thelathini na moja yeye ndiye aliyefua jezi za timu ya kaunti ya mpira wetu wa jadi, unaopigwa teke na kudakwa kwa mikono, nyeupe zenye mstari wa zambarau, akazianika kwa mpangilio wa namba. Jezi ikikosekana, ujue fulani ameachwa. Mkono ukichanika, watu walijadiliana hadi kanisani.

"Attracta!" mtu angepaza sauti dirishani mwa gari. "Hiyo namba nne, alikuwa anacheza au anagombana na mbwa?"

"Yake angalau imechafuka! Yako enzi zako nilikuwa naikunja tu nairudisha kabatini!"

Mimi, Dinny Lavelle, nilikuwa mpeleka barua wa njia ile, na chai ya saa nne niliinywa jikoni kwake. Kwa hiyo ninayoyasema sikuyasikia kwa watu. Niliyaona, nikanyamaza, na hilo linanikera hadi leo.

Alikuwa mjane mwenye mikono mikubwa na maneno machache ya upole. Mumewe Mossie alizikwa na skafu ya timu shingoni. Kaunti ilikuwa haijaliona kombe kwa miaka hamsini na minane, na Mossie alikuwa ameapa hafi kabla ya siku hiyo. Alikufa. Attracta akaendelea kufua, bila malipo, kama wachezaji wenyewe wanavyocheza bila malipo. Alikuwa na sheria moja: kilichomo kwenye mfuko wa jezi chafu hakitoki jikoni kwake. Alijua nani anavuta sigara na nani alilia baada ya mechi, na hakumwambia mtu.

Mwaka ule timu ilianza vibaya, kama kawaida yetu. Ligi ya baridi tulifungwa mara tano. Lakini masika yalipoingia vijana wakaamka, na mwezi wa sita tukajikuta robo fainali, jambo lililowafanya hata wazee wa karata waanze kusali. Tulishinda. Jumatatu yake nilipoingia jikoni nilikuta ndoo moja imetengwa kando ya mlango wa nyuma, imefunikwa na taulo.

"Ya nani hiyo?"

"Kunywa chai yako, Dinny."

Nikainua taulo. Namba sita, jezi ya Oran Mulhern, beki wetu wa kati, fundi wa kuezeka mapaa, kijana ambaye kila mama wa parokia alimtaka awe mkwe. Haikuwa na damu. Ilinuka matapishi, kifuani na mikononi, na Attracta alikuwa ameikuta imefichwa chini kabisa ya mfuko.

Sote wawili tuliona jinsi alivyogongwa kichwa dakika ya ishirini. Daktari wa timu alimuuliza maswali yake, Oran akajibu akitabasamu. Kama angesema ametapika, dalili ya ubongo kutikisika, angekaa nje wiki kadhaa.

Jioni ile alikuja mwenyewe kwa Attracta, akasimama mlangoni na kofia yake mkononi.

"Mama Attracta, umeiona?"

"Nimeiona, mwanangu. Kichwa vipi?"

"Kizima kabisa. Ni yule kuku wa hotelini tu." Akacheka. "Usimwambie daktari. Mama naye asipoiona kwenye kamba atauliza, si unamjua alivyo."

Attracta akaifua mara tatu. Siku ya pili ilining'inia kati ya tano na saba, nyeupe pe, na magari yakapita yakipiga honi.

Kabla ya nusu fainali bendera zilikuwa kwenye kila nguzo. Kondoo walipakwa rangi ya zambarau. Kasisi alivaa skafu madhabahuni. Kwenye njia panda watu walikuwa wameanza kukusanya mbao na matairi kwa ajili ya mioto ya ushindi, ingawa kila mtu anajua ni mkosi kukusanya kabla ya wakati. Kila nilipopita na barua nilikuta rundo limeongezeka, na sikuipenda sura yake.

Tulishinda tena. Oran alikuja kuchukua viatu alivyosahau. Akamshukuru Attracta, akatoka, akarudi, akamshukuru tena kwa maneno yale yale. Kisha akamtazama mbwa aliyekuwa akimrukia miguuni, mbwa ambaye yeye mwenyewe alimleta pale akiwa kijibwa cha wiki sita.

"Mzuri huyu," akasema. "Mmempata wapi?"

Tulidhani anatania. Tulicheka, Mungu atusamehe. Alipoondoka, Attracta ndiye aliyeacha kucheka kwanza.

"Mpigie daktari," nikamwambia.

Alinyanyua simu. Namba ya daktari ilikuwa imebandikwa ukutani, chini ya picha ya Mossie. Akaishika simu muda mrefu, akitazama dirishani, ambako majirani walikuwa wakifunga bendera nyingine kwenye lango lake. Halafu akairudisha mahali pake.

"Nimtoe namba sita wiki mbili kabla ya fainali," akasema taratibu. "Halafu mimi nikaishi wapi, Dinny?"

Ningeweza kupiga mimi, miguu ninayo na simu ninayo. Nilimaliza chai nikaenda kugawa barua.

Fainali ilikuwa Jumapili ya mwisho ya Julai, Dublin, watu elfu themanini na mbili. Attracta hakukaa jukwaani na mimi. Alisimama kwenye njia ya wachezaji, taulo mkononi. Dakika tatu kabla ya mwisho tulikuwa sawa kwa pointi. Mpira mrefu ukaja, Oran akaruka juu ya kila mtu, akaushika kwa mikono miwili, na bega la mtu likampata sikioni. Akaanguka. Akainuka. Mpira bado kaukumbatia. Akaupasia kijana aliyefunga pointi ya ushindi, na uwanja ukapasuka kwa kelele. Mimi nilikuwa nalia nikimkumbatia mtu nisiyemjua. Attracta peke yake ndiye aliyemwona Oran akitembea kuelekea upande wa wapinzani, akijipanga mbele ya goli lisilo letu, akingoja mechi ianze.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Kwetu basi la washindi husimama mpakani mwa kaunti, na wachezaji huvuka daraja kwa miguu wakiwa na kombe. Oran alishuka ngazi mbili. Ya tatu hakuifikia. Mioto ilikuwa imewashwa kila kilima, na gari la wagonjwa lilibidi lipite polepole katikati ya watu wanaoimba jina lake.

Alikaa hospitali miezi minne. Kombe lilizungushwa shule zote na baa zote. Lilipoletwa nyumbani kwa Attracta alifunga mlango kwa komeo, na waliolibeba wakasimama uani kidogo, wakaondoka. Jezi sasa hufuliwa na mtu mwingine, mjini, kwa mashine kubwa.

Oran anatembea, anakula, anacheka na mbwa. Paa hapandi tena. Kila Ijumaa mama yake humshusha kwa Attracta, naye huingia jikoni na jezi ya fainali kwapani, imekunjwa, safi, bado ina harufu ya sabuni ya Ijumaa iliyopita.

"Mama Attracta, nifulie hii. Jumapili tuna mechi."

"Sawa, mwanangu. Utaikuta tayari."

Nilimwambia Attracta wiki jana aiache tu, ainyooshe pasi na kumrudishia, kwani kijana hatajua. Aliiloweka, akaisugua kifuani na mikononi, mara tatu, akaianika peke yake kwenye kamba ile ndefu. Magari bado yanapita pale kwenye kona. Siku hizi yakifika kwake yanaongeza mwendo.