Siku Shangazi Alipobebwa

Juzi hapa Njombe nilimwona binti kwenye kiti cha magurudumu akiingia mahakamani. Pembeni mwa ngazi wamejenga njia ya saruji ya kupandia, naye alijisukuma mwenyewe, mkoba mapajani. Hakuna aliyegeuka kumtazama. Mimi niliinamisha uso.

Shangazi yangu alikuwa hatembei. Siku moja nilipokuwa mtoto, baba alimpakia kwenye baiskeli, nami nikifuata nyuma, hadi mahakamani Makambako, maana shemeji zake walitaka kumnyang'anya shamba la viazi aliloachiwa na marehemu mumewe. Ngazi zilikuwa ndefu. Wakaitwa wabeba mbao, wananuka jasho na utomvu wa miti ya misindano, wakamkalisha kwenye kiti cha mahakama, wakamnyanyua juu juu nacho. Mimi nilijua anayebebwa vile ni mtu mkubwa, kama bibi harusi. Nikapiga vigelegele kwa nguvu zangu zote.

Watu waliokuwa barazani wakaangua kicheko.

"Bwana harusi yuko wapi?" mmoja akapaza sauti.

Shangazi alikuwa akivuta kanga afunike magoti. "Kaka, nishusheni."

"Dada, kesi yako inaitwa sasa hivi. Na shamba je?"

"Walichukue. Nishusheni, nasema!"

Wakamshusha. Njiani nilimuuliza baba kwa nini shangazi amekataa heshima yote ile. Shangazi alikuwa amejifunika kanga hadi kichwani, na hakuifunua mpaka tukafika nyumbani.

Shamba lile sasa lina miparachichi ya watu. Nikipita pale, naangalia upande mwingine.