Kisu cha Kufungua kwa Mkono Mmoja

Tangu nipate akili namjua baba yangu na kisu chake cha kukunja, kimekaa kwenye mfuko wa shati. Nyama ikiletwa, alikitoa, akakifuta kwa kiganja, akakata pande la kwanza na kumwekea mama, ndipo akakata la kwake. Sisi watoto tulisubiri mate yakitutoka.

Kiharusi kikampooza mkono wa kulia. Kula ugali kwa mkono wa kushoto alijifunza, ingawa mwanzoni alikula akiwa ametupa mgongo. Nyama ndiyo ilimshinda. Kile kisu cha zamani kilikuwa kigumu, kinataka kucha za mkono huu na nguvu za mkono ule. Mama akaanza kumkatia vipande vidogo huko huko jikoni. Baba anavitazama, anasogeza sahani, anasema, "Nimeshiba." Kila siku ya nyama, ameshiba. Mama akaamini kwamba mzee amekinai mkono wake, akawa analia jikoni na kusingizia moshi. Nilipokwenda Kharumwa kuwasalimia nikayakuta hayo, nikawakasirikia wote wawili. Mimi nikihuzunika hukasirika, ndivyo nilivyoumbwa.

Niliporudi Geita nikaenda moja kwa moja sokoni, kwa kijana anayetandaza turubai lake la tochi, kufuli na visu. Wateja wake wengi ni wachimbaji, wanataka kisu cha kukatia kamba za viroba. Akaniwekea viwili, akaapa kwamba ni mapacha. Kweli vilifanana: mpini wa mbao, bapa la urefu wa kidole cha kati, hata kutu kidogo kwenye msumari. Tofauti niliyoiona ilikuwa moja. Cha kwanza kilikuwa na mfereji mwembamba wa kutia ukucha, kama kile cha baba, na moyo wangu ukakipenda palepale. Cha pili kilikuwa na tundu kwenye bapa, baya kulitazama, kama kimeliwa na panya.

Nikafunga mkono wa kulia ndani ya kitenge, nikajaribu kwa wa kushoto. Cha kwanza kikagoma. Nikakibana kwa paja, nikakibana kwa kidevu, kikaanguka kwenye kufuli.

"Mama, unanunua au unacheza mdako?" kijana akauliza.

"Nanunua. Nyamaza."

Nikarudi kwa cha pili, nikarudi tena kwa cha kwanza, nikikibembeleza kifunguke kwa sababu tu ni kizuri. Wachimbaji wawili waliosimama kungoja zamu wakaanza kucheka.

"Mchagua nazi hupata koroma, mama yangu," mmoja akasema.

"Mimi Msukuma, nazi nazijulia wapi?"

Mwishowe nikatia kidole gumba kwenye lile tundu baya, nikasukuma. Kisu kikafunguka, ka! Kijana akanisifia kwamba kikishafunguka bapa linashikwa na kichuma mgongoni mwa mpini, hakimrudii mtu kumkata vidole. Hilo likanimaliza kabisa. Nikakichukua, nikaondoka nikijiona nina akili kuliko ukoo mzima.

Jumapili nikawa Kharumwa. Nikamwamkia baba shikamoo, nikamwekea kisu mezani, kisha nikamfuata mama jikoni. "Leo usikate. Lete pande zima." Mama akanitazama kama nimemtukana, lakini akalileta.

Baba akakigeuza kisu, akaliona tundu, akatia gumba. Ka! Akauinua mkono wa kulia kwa wa kushoto, akaulaza juu ya mfupa uikandamize nyama, akakata taratibu, jasho likimtoka puani. Pande la kwanza akamwekea mama.

Akala. Alipotaka kukikunja kisu, hakikukunjika. Kile kichuma kilitaka gumba likibonyeze huku mkono mwingine ukisukuma bapa. Akakibana gotini, wapi. Nikahisi uso unawaka. Sokoni nilijaribu kufungua tu, na kufunga sikukumbuka. Nikanyoosha mkono. "Nipe baba, nikakibadilishe kesho."

"Hakiendi popote," akasema. Akamgeukia mama, akamwelekezea mpini. "Mama watoto, nifungie."

Mama akaweka mkono kiunoni. "Kufungua umeweza, kufunga ndiyo mpaka mimi?"

"Kufungua kwangu. Kufunga kwako."

Mama akakifunga, akakitumbukiza yeye mwenyewe kwenye mfuko wa shati, akapapasa pale juu. Alikuwa anajifanya kununa, lakini shavu lilimsaliti. Akainama atoe sahani.

Baba akakitoa tena kisu, akatia gumba kwenye tundu.

"Iache hiyo sahani," akasema. "Sijashiba."