Waliogeuza Magari Getini Kwangu

Nikikumbuka kisa hiki nachemka upya, na sina hata wa kumchemkia.

Mimi ni mlinzi wa geti kwenye jangwa la mazoezi ya jeshi, nje ya Dubai. Siku ambazo wanajeshi hawapigi shabaha, raia wenye vibali wanaruhusiwa kuingia kuwinda na vipanga wao. Siku za shabaha inapandishwa bendera nyekundu, na hapiti mtu.

Ijumaa ile hapakuwa na shabaha. Asubuhi nilitundika shuka langu lililoloa umande juu ya kibanda, nikavaa sare, nikafungua geti. Gari la kwanza likaja, likasimama mbali, likageuza. La pili vilevile. Nikawapungia mkono, nikatabasamu mpaka mashavu yakaniuma. Wa tatu akanitazama kabisa, akatikisa kichwa, akaondoka.

Nikajua hiyo ni dharau. Nikampigia supavaiza wetu, Otieno, Mkenya.

"Bosi, hawa watu hawataki kukaguliwa na mtu mweusi. Mimi naacha kazi leo, khalas."

Otieno alikuja mbio, amekasirika kwa ajili yangu. Akashuka garini palepale yale magari yalipogeuzia. Nilimfuata nikiendelea kulalamika, nimeshafika kwenye heshima ya Mwafrika, nikaona hanisikilizi. Alikuwa anatazama kibanda.

"Saidi," akaniuliza taratibu, "nani amekwambia upandishe nyekundu?"

Nikageuka. Shuka langu lilikuwa limeshakauka, linapepea.