Maji kwa Mashine ya Baba

Juzi mwanangu alikuwa akirusha ndege ya vita kwenye kompyuta, injini ikachemka. "Inapozwa polepole, mama. Ukiipoza ghafla inapasuka," alinieleza.

Nilikumbuka mchana mmoja wa utotoni kijijini kwetu Zagayu, harufu ya dizeli na unga wa moto. Watu binafsi walikuwa wameanza kuruhusiwa kufanya biashara, na baba alikuwa ameuza ng'ombe wote akanunua mashine ya kusaga. Siku hiyo aliizima, akasema, "Imechoka, ipumzike," akaenda kula.

Ng'ombe waliochoka kulima tulikuwa tukiwamwagia maji mgongoni. Nami nikaimwagia ndoo nzima. Ilitoa mlio mmoja tu, kama mfupa unaovunjika.

Baba alirudi, akaupapasa ufa uliotokea kwenye injini. "Uliihurumia, ng'wanawane, mwanangu," alisema, kisha akaingia ndani kutafuta jembe la mkono.