Sanduku la Kumwonyesha Susu Mvua

Juzi, katika duka la vioo pale Mukuyuni, baba mmoja na bintiye waliomba vipande viwili vya kioo cha kujitazamia.

"Vya nini?" fundi akauliza.

"Vya susu, mama yake baba," msichana akajibu. "Hawezi kutoka kitandani, na dirisha liko juu. Tunamtengenezea sanduku la kuonea nje."

Fundi akavikata, akapiga kingo msasa zisimkate mzee. Wakavibandika ndani ya katoni ndefu waliyokuja nayo, yenye tundu juu na chini, kimoja juu, kingine chini, vyote mshazari. Msichana akachuchumaa nyuma ya kaunta.

"Naona barabara."

Baba naye akachungulia, akakawia. "Mama ataona mvua ikija," akasema polepole.

Foleni yetu nyuma yao ilikuwa imesimama, lakini hakuna aliyenung'unika. Sote tulikuwa tunangoja zamu ya kuchungulia.