Upupu wa Shambani kwa Mama Mkwe

Vipele vya kwanza vilinitoka kifuani, vidogo vyekundu, wakati mpunga umeanza kuinamisha vichwa. Huku Katindiuka nilikoolewa hicho ni kipindi cha kuamia ndege. Watu wanafunga nyumba, wanahamia shambani, wanalala kwenye dungu, kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya matope, na tangu alfajiri wanavuta kamba zenye makopo ili ndege wasiushukie mpunga. Msimu ule tulikuwa wawili tu, mimi na mama mkwe. Mwanawe, mume wangu, tulikuwa tumemzika mwaka uliotangulia.

Alikufa bila kuniambia anaumwa nini. Baadaye nilikwenda mjini kupima mwenyewe, nikaambiwa nina virusi, nikaanzishiwa dawa. Sikumwambia mtu. Niliyemwogopa kuliko wote ni mama mkwe. Sikuwa na mtoto, na shamba lilikuwa lake, na dungu lake. Siku akijua, atasema mimi ndiye niliyemletea mwanawe ugonjwa, nami nitajitetea kwa lipi? Ningerudi kwetu mjini, Viwanja Sitini, na mfuko wa nguo, niwakute kaka zangu na wake zao wamejaa kila chumba. Kwa hiyo chupa za dawa nilizifunga ndani ya kanga kuukuu, na kila moja niliijaza pamba juu ya vidonge, zisilie nikizibeba.

Kliniki walikuwa wameniambia nikiona badiliko lolote mwilini nirudi upesi. Wao wanasema tu. Kurudi maana yake ni kuomba ruhusa msimu wa ndege, na msimu wa ndege hakuna anayeomba ruhusa, labda awe amefiwa. Na huku ngozi inawaka. Vipele vilishuka tumboni, vikapanda shingoni, vikaenea mikononi. Nilijikuna kwa gunzi. Nilijikuna kwenye nguzo ya dungu kama ng'ombe. Kila nilipomeza vidonge nilijiuliza kama ninajitibu au ninajimaliza, na asubuhi moja nilivimwaga kiganjani, nikayatazama maji ya mfereji, nikaona ingekuwa rahisi kweli. Nikavirudisha kwenye chupa. Si ujasiri, niliogopa vitaelea, mama mkwe avione.

Siku aliyoviona vipele vya shingoni aliuliza, "Mwanangu, hiyo nini?"

"Upupu, mama. Nimepita pale mpakani, kwenye kichaka."

Lilinitoka tu mdomoni, na papo hapo nikajiona mjanja. Mama mkwe aliinuka. Alichota majivu jikoni, akayakoroga na maji, akaniambia nishushe kanga, akanipaka mgongo mzima taratibu. Majivu yaliuma mpaka machozi yakanitoka. Nilimshukuru, tena kwa moyo, maana niliamini mambo yameishia hapo.

Kesho yake alichukua panga. Alisema anakwenda kuufyeka huo upupu kabla haujawapata wavunaji. Nilibaki na kamba mkononi nikimfuata kwa macho. Alikizunguka kichaka, kisha akaanza kulizunguka shamba lote. Anainama, anainua majani kwa ncha ya panga, anasimama, anasogea. Mimi nimekauka. Ndege walikuwa wameshuka upande wa mtoni, wanakula wapendavyo, na sikuwa na habari nao. Yule mama alilima pale tangu ujana wake, na kama upupu ungekuwepo angekwenda moja kwa moja kwenye shina.

Aliporudi aliketi kwenye ngazi ya dungu, panga miguuni.

"Shamba langu halina upupu," akasema. "Na hata ungekuwepo, mwezi huu bado ni mbichi. Hauwashi mtu mpaka ukauke. Hilo wewe wa mjini usingelijua."

Nilianza kupanga kichwani nitaondoka na nini, kama sufuria niliyokuja nayo ni yangu au imeshakuwa ya pale.

"Marehemu mwenzako naye alitokwa hivyo hivyo," akasema, akiutazama mpunga. "Akaniambia ni joto, nikampaka majivu. Vikakauka, nikafurahi. Siku moja nikaona vidonge vimetupwa chooni. Sikumuuliza. Nilisema huyu ni mtu mzima, anajua anachofanya."

Makopo yalilia kidogo kwa upepo.

"Wewe unavyo?"

"Ninavyo, mama."

"Unavimeza?"

"Ninavimeza."

"Basi kesho tunakwenda mjini."

"Na ndege?"

"Wacha wale."

Mwanamke aliyekuwa akigombana na shomoro mmoja tangu jua linapochomoza ndiye aliyesema vile.

Tulipanda bodaboda moja, mimi katikati, yeye nyuma amenishika kiuno palepale panapowasha. Daktari alinitazama machoni, akanikagua mdomo, akanipima homa. Alisema dawa niliyopewa ya kukinga magonjwa nyemelezi ndiyo mwili umeikataa. Akaisimamisha, akanipa nyingine badala yake, na vidonge vya kupunguza muwasho. Zile za kufubaza virusi alisisitiza nisiziache. Tena akaniambia nikiona homa, malengelenge au vidonda mdomoni, nisingoje ndege wala mavuno, nije mbio. Nikaitikia, lakini hofu haikutoka. Nje, mama mkwe alikuwa ameketi kwenye benchi la kliniki, mkoba magotini. Mimi nilikuwa nimejifunika mtandio hadi machoni nisitambulike, naye anamwamkia kila anayepita kwa sauti kama yuko sokoni.

Tuliporudi, upande wa mtoni tulikuta mashuke yamebaki makapi. Aliyashika, akayaachia, hakulisema hilo kamwe. Kwa siku nyingi bado nilijikagua kila nilipopata upenyo, ulimi, mapaja, nyuma ya masikio, nikihofia kila kipele kuwa ndicho kitakachoniua. Vilififia polepole na kuniachia madoa meusi.

Madoa hayo ndiyo aliyoyaona jirani yetu wa Kisukuma, mama anayetuletea maziwa, siku alipopanda juu ya dungu kupumzika. Alinishika mkono, akaugeuza kwenye mwanga. Nilijaribu kuuvuta, hakuuachia.

"Huyu binti amepatwa na nini?"

Nilimtazama mama mkwe. Neno moja lingetosha, na kabla ya jioni lingekuwa limefika kila dungu la bonde lile.

"Upupu," akasema mama mkwe. "Uko pale mpakani. Msikatize pale, wala ng'ombe wenu msiwapitishe."

Yule mama akacheka. "Upupu mwezi huu, dada? Si bado mbichi?"

"Wa kwetu unawahi," akasema mama mkwe, akavuta kamba kwa nguvu, makopo yakalia shamba zima.